Jibu: Diski ya nje ya bekapu, TB 1 au TB 2?

Ndugu, kama kompyuta yako ya mezani ina GB 700 za picha na faili, chukua TB 2. TB 1 itajaa upesi kwa sababu programu ya bekapu huweka na matoleo ya zamani. HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ya inchi 2.5 yatosha, USB yenyewe inaipa umeme. SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni nzuri ikiwa utatembea nayo.

Zile za "TB 16" kwa bei ya kutupa achana nazo kabisa. Ndani mna memori kadi ndogo iliyochezewa ionyeshe ukubwa wa uongo. Ikijaa, faili mpya huandikwa juu ya zile za mwanzo, nawe huoni kosa lolote mpaka siku unayozihitaji. Hata ya dukani ijaze kwanza kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski. Iache usiku kucha, TB 2 si mchezo.

Ifomati kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski. Mfumo mwingine, exFAT, hauna jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kwenye diski, na stima ikipotea katikati ya kunakili yaweza kuharibika yote.

Ukimaliza ichomoe, maana virusi vya kufunga faili huifikia pia. Na kwa chumvi ya hewa yetu hapa Mombasa, iweke kwenye mkebe wa kifuniko pamoja na vile vipakiti vya silika, la sivyo pini zitashika kutu.