Madhabahu au maandamano? Kwa mleta mada mwenye mdogo wake mpiga kinanda

Mleta mada, umesema mdogo wako anapiga kinanda kanisani, amekufungulia moyo kwamba anapenda wanaume wenzake, na sasa ameanza kwenda kwenye mikutano ya watetezi wa haki za watu wa LGBTQ. Unataka achague moja, madhabahu au maandamano. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, kwetu ni Taita, Kenya, nina miaka 41, na ni shoga. Nimepita alipo mdogo wako, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Mapenzi ya haki sikuyatoa mitandaoni wala kwa wafadhili. Niliyatoa kanisani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na tangu nikiwa mdogo alitusimulia habari za Askofu Alexander Muge, Mwanglikana aliyeikosoa serikali, aliyeonywa hadharani na waziri asikanyage Busia, akaenda, na akafa kwa ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14, 1990. Siku ya Saba Saba, Julai 7, mwaka 1997, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulisikia redioni kwamba polisi wameingia All Saints Cathedral pale Nairobi na kuwapiga watu waliokusanyika kuombea mageuzi ya katiba. Sijawahi kumwona baba amekasirika vile. Jumapili iliyofuata tulihubiriwa kwamba Mungu husikia kilio cha anayeonewa. Nililipokea neno lile jinsi lilivyotamkwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna wanaoonewa ambao neno hilo haliwahusu.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilimweleza mchungaji wangu siri yangu, kwa sababu nilimwamini. Haikupita wiki mbili, mwenyekiti wa kwaya akanitaka nirudishe joho. Baadaye nikafungishwa siku tatu, wanaume wanne wakiniwekea mikono kichwani na kukemea pepo. Siku ya tatu nilisema limetoka. Halikuwa limetoka kitu, ila mama alikuwa nje ya mlango akilia na sikuweza tena kumsikiliza. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, tena kwa msisitizo: siri ya mdogo wako usiipeleke kwa mchungaji wala kwa mtu mwingine yeyote bila ruhusa yake, hata kama nia yako ni aombewe. Ukiitoa hutaweza kuirudisha.

Nilikaa miaka minane bila kuingia kanisani. Kilichonirudisha ni msiba.

Rafiki yetu alifia Nairobi. Tulichanga, tukanunua jeneza, tukakodi matatu tukamsindikiza hadi kwao magharibi. Mhubiri alipotutazama akajua sisi ni kina nani, akafunga Biblia na kuondoka. Watu walisimama wasijue la kufanya. Shangazi wa marehemu, mama mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, ndiye aliyeanzisha wimbo. Tukashika majembe wenyewe, tukafukia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza: mimi nani atanizika? Kwetu Waafrika hilo si swali dogo. Unaweza kuishi bila kanisa, lakini siku ya mwisho kanisa ndilo linalokupeleka kaburini.

Hapo ndipo nilipoelewa yaliyompata David Kato, mtetezi wa haki za mashoga wa Uganda. Mwaka 2010 gazeti moja la kule lilichapa picha za watu liliodai ni mashoga na kutaka wanyongwe. Kato na wenzake wawili walilishtaki, na Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 mwezi huohuo akauawa nyumbani kwake. Kwenye mazishi kijijini, kasisi Mwanglikana, wa kanisa langu, alishika kipaza sauti na kuwalaani mashoga mbele ya mama mzazi wa marehemu. Wanakijiji wakakataa kuzika. Rafiki zake wakabeba jeneza wenyewe, na Askofu Christopher Senyonjo akasimama pale kaburini akaomba na kuwafariji. Mzee huyu alikuwa askofu wa West Buganda toka 1974 hadi 1998. Alipostaafu alianza kuwapokea na kuwasikiliza vijana kama mdogo wako, na kanisa likamzuia kutoa huduma. Hakuacha. Huyo, mleta mada, yuko madhabahuni au kwenye maandamano?

Nairobi kuna kanisa linaloitwa Cosmopolitan Affirming, lililoanzishwa 2013 na watu waliochoka kusali wakijificha. Sitasema linakutana wapi. Mara ya kwanza nilikaa karibu na mlango. Nilisomewa habari za yule towashi wa Kushi kwenye Matendo ya Mitume, anayemwuliza Filipo ni nini kinachomzuia asibatizwe. Nimekulia kanisani, na sikuwahi kusikia mtu akilihubiri swali lile kama swali.

Mei 24, 2019 nilikuwa mahakamani Milimani, Nairobi, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na adhabu inaweza kufika miaka 14 jela. Upande uliotupinga ulikuwa na chama cha wataalamu Wakristo. Nje kulikuwa na watu wakimshukuru Mungu kwa kushindwa kwetu, na wenzangu wakimlilia Mungu huyohuyo. Ile siku iliniuma kuliko kufukuzwa kwaya.

Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba tunayo haki ya kusajili shirika la kututetea. Kusajili tu, vile vifungu bado vipo. Lakini mimbari ziliwaka moto. Kule kwetu kulipitishwa karatasi ya kupinga hukumu, waumini waweke saini. Mama akanipigia jioni: "Kalamu imefika kwangu, nimempa jirani." Hakusema zaidi ya hapo, na katika miaka ishirini hatujawahi kulizungumza jambo hili waziwazi. Nilikaa ndani ya gari nikalia.

Umeuliza umwambie nini mdogo wako. Usimwambie kitu kwanza. Jumapili hii nenda kanisani kwake, ukae benchi la mbele anapokuona akipiga kinanda. Ibada ikiisha, mrudishe nyumbani, na njiani muulize mkutano wao mwingine ni lini, na kama ana nauli ya kwenda.