Mtobolee Siri ya Mchezo

MUULIZE MZEE WA PAZIA

SWALI: Shikamoo Mzee wa Pazia. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, ana usonji. Anaongea, ila maneno yake ni machache, na analolipenda kuliko yote ni "halafu?" Baada ya wiki 3 binamu zake watapelekwa ukumbini kutazama mchezo wa kuigiza. Amewasikia wakiuzungumzia, na sasa kila asubuhi anavaa viatu na kuketi mlangoni. Tatizo ni sauti za ghafla. Mlango ukibamizwa tu, anaziba masikio na kujikunyata chini ya meza. Wifi yangu ananishauri nimwache nyumbani "asije akawaharibia watu starehe". Nifanyeje? – Mama wa Halafu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wifi yako msamehe, lakini usimsikilize. Mtoto ameshavaa viatu, sasa mnabishana nini?

Kabla sijakushauri, niungame. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni mwa jukwaa na kutoa ishara za taa na sauti. Tulikuwa na mchezo mmoja ambao sehemu yake ya kwanza iliishia kwa mlio wa bunduki gizani, na mlio ule tuliuonea fahari kweli. Siku moja mtoto wa rika la mwanao, safu ya nne, alipiga yowe, akateremka kwenye kiti akatambaa chini ya miguu ya watu mpaka ukutani. Mama yake akamfuata kwa magoti, kiatu kimoja kikabaki njiani. Kitufe cha mlio nilikibonyeza mimi. Baadaye nilimpelekea yule mama kiatu chake, naye akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hamkutuambia?" Nikakosa la kusema. Tulikuwa tunalinda siri ya mchezo.

Basi, mtobolee mwanao siri yote. Mwambie nani atakufa, nani atarudi, nani amejificha ndani ya sanduku na atatoka lini. Sisi watu wa jukwaani hununa tukisikia hivyo, maana mshtuko ndio chumvi yetu. Lakini mtoto anayeuliza "halafu?" kutwa nzima amekwisha kukuambia anachohitaji.

Siri hizo utazipata kwa msimamizi wa jukwaa. Mkata tiketi mara nyingi hajui, atakuambia tu mchezo ni mzuri. Msimamizi ana kitabu cha ishara: mchezo mzima umeandikwa humo, na pembeni kila taa, kila mlio na kila moshi, pamoja na maneno yanayotamkwa kabla yake. Muulize sauti kubwa ni zipi na zinakuja baada ya maneno gani. Muulize giza totoro hudumu sekunde ngapi. Muulize pia kama waigizaji hushuka kwa watazamaji, maana hilo watu hulisahau. Hebu fikiria: umemwandaa mtoto kwa radi, kwa giza na kwa moshi, halafu jitu lenye pembe linatokea nyuma yake na kumgusa bega.

Kama ana kifafa pia, uliza habari ya taa za kumulika na kuzima kwa kasi. Zinazomulika kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndizo huwaletea kifafa baadhi ya watu. Zikitokea bila taarifa, mzibe jicho moja kabisa kwa kiganja na umgeuze uso upande mwingine. Kufumba macho peke yake hakutoshi.

Ukishazijua siri, mtengenezee kitabu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, ndiye aliyeanzisha mtindo huu mwaka 1991: hadithi fupi inayomweleza mtoto mambo yatakavyokuwa, kwa sentensi nyepesi, bila kumwamrisha. Nenda ukumbini kabla ya siku yenyewe, piga picha za mlango, ngazi, viti na mtu anayekagua tiketi. Chini ya kila picha andika kwa sauti ya mtoto: "Taa zitazimika. Mama atakuwa amenishika mkono. Halafu nitaona mwanga jukwaani." Umeona nilivyoliweka neno lake? Litumie kila ukurasa. Na usiandike saa kamili, andika "huenda", kwa sababu michezo huchelewa, na mtoto uliyemuahidi saa kumi kamili atakudai saa kumi kamili mbele ya umati.

Picha ya choo usiisahau. Nacheka, lakini nasema kweli: nimewaona watoto wengi wa aina hii wakitolewa nje wakilia, na wengi wao jukwaa lilikuwa halijawafanya lolote. Ni ile mashine ya kukaushia mikono. Inanguruma pale mtu mwingine anapoingiza mikono, wewe hujajiandaa, na kuta za vigae zinaurudisha mlio mara mbili. Beba taulo ndogo, na mpeleke choo wakati wengine wameketi.

Nyumbani fanyeni mazoezi. Zimeni taa sebuleni mhesabu mpaka kumi, kesho mpaka ishirini, yeye ndiye awe mzimaji. Makofi ya ukumbi mzima humshtua mtu asiyeyazoea, basi yacheze kwenye simu kwa sauti ya chini na uongeze kidogo kidogo kila siku. Akitaka vizuia sauti vya masikioni, avizoee nyumbani kwanza. Kitu kigeni kichwani, mahali pageni, ni balaa juu ya balaa.

Kiti chagua cha mwisho wa safu, karibu na mlango na mbali na spika. Na kabla mchezo haujaanza, mtembeze mara moja kutoka kitini hadi nje, aone kwamba njia ipo. Siku ile akitaka kutoka, toka naye bila kumwomba radhi mtu yeyote. Akitazama dakika 20, amekwenda kwenye mchezo, na binamu zake watamsimulia kilichobaki. Pengine hatahitaji, kwa kuwa ulishamtobolea.

Uliza pia kama kuna siku waliyotenga kwa ajili ya onyesho tulivu: sauti hupunguzwa, taa kali huondolewa, taa za ukumbi hazizimwi zote, na anayetaka kusimama au kupiga kelele hakemewi. Huko Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za michezo New York, onyesho la kwanza la namna hiyo kwa familia zenye watoto wenye usonji lilifanyika Oktoba 2011. Kama ukumbi wenu haujasikia habari hizo, wewe uwe wa kwanza kuwasumbua.

Wifi yako naye mkatie tiketi. Kile kiti cha karibu na spika kitabaki wazi.

SWALI: Mzee wa Pazia, salaam. Baba mkwe wangu amepoteza macho uzeeni, na michezo ya kuigiza ndiyo raha yake. Nikimnong'oneza kinachoendelea, watu wanatugeukia kwa jicho kali. Nikinyamaza, ananibana kiwiko. Kuna njia? – Mkwe Aliyebanwa

JIBU: Ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1981 Margaret na Cody Pfanstiehl, waliokuja kuoana baadaye, walianza kuwasimulia wasioona michezo ya ukumbi wa Arena Stage kule Washington: msimuliaji anakaa pembeni na sauti yake kumfikia asiyeona kwa kisikilizio cha sikioni, pale tu waigizaji wanaponyamaza. Uliza kama ukumbi wenu una huduma hiyo. Kama hauna, usihamishie kazi ya msimuliaji kwenye mnong'ono. Msimulie kila kitu mkiwa njiani: mandhari ya jukwaa, nani amevaa nini, nani mrefu. Kisha omba mfike mapema, kabla watazamaji hawajaingia, apande jukwaani na kuvishika vifaa kwa mikono yake. Usione haya kuomba. Wengi wetu nyuma ya pazia hufurahi mtu akitaka kugusa kazi zetu.

Niliwahi kumpandisha mzee mmoja asiyeona. Alipima upana wa jukwaa kwa hatua, akaonja uzito wa upanga, akafika kwenye kiti cha enzi, fahari ya mchezo mzima, akakibonyeza kwa kidole. "Sponji!" akasema. Jioni ile mfalme alipoketi kwa madaha na ukumbi ukanyamaza kwa hofu, kicheko kimoja kilisikika safu ya pili.