Re: Matriksi ya Power BI inarudia Asilimia chini ya kila mwaka

Habari ndugu. Umeuliza kuhusu ripoti ya mauzo kwenye Power BI, programu ya kuchambua data. Kwenye matriksi (jedwali la ripoti lenye mistari na safu wima) unataka 2023, 2024, kisha Tofauti na Asilimia mara moja tu mwishoni, lakini inazirudia chini ya kila mwaka. Kuzificha kwa kubana upana wa safu wima ni kujitafutia taabu, nimepita huko.

Kwanza hakikisha mauzo yameunganishwa na jedwali la tarehe, ndilo litakalotenganisha miaka. Kisha tengeneza jedwali dogo la vichwa hivyo vinne, kila kimoja na namba ya mpangilio 1 hadi 4, na usiliunganishe na chochote. Vichwa viweke kwenye safu wima za matriksi, halafu andika kipimo kimoja (measure, yaani fomula ya hesabu): ndani yake kitendakazi SELECTEDVALUE kisome kichwa, na SWITCH kichague hesabu yake. Panga vichwa kwa ile namba, la sivyo vinafuata alfabeti. Kwangu Asilimia iliitangulia Tofauti.

Alama ya % ndiyo iliyonila siku nzima. Usitumie FORMAT ndani ya kipimo, inageuza namba kuwa maandishi na rangi za masharti (zinazobadilika kufuata thamani ya namba) zinagoma. Tumia fomati badilifu (dynamic format string) ya kipimo chenyewe, inabadilisha mwonekano tu na namba inabaki namba. Jumla ya safu wima izime, itatoka tupu.

Hujasema kama unaruhusiwa kuongeza jedwali kwenye modeli hiyo, yaani seti ya majedwali yanayolisha ripoti. Kama huruhusiwi, rudi hapa tutazame.