Sampuli sita zilizofanana mno: kwa mnaoanza kusoma jeni za homa ya ini B

Nilikuwa na miezi minne tu katika maabara moja hapa Kampala nilipomkimbilia mkuu wangu na habari njema. Sampuli sita kati ya nane za siku ile zilikuwa na mabadiliko pacha katika herufi za DNA ya kirusi: A imegeuka T kwenye nafasi ya 1762, G imegeuka A kwenye 1764. Ni yale yale yanayotajwa kila saratani ya ini inapozungumzwa. Mzee hakunipongeza. Aliuliza swali moja tu: "Umezilinganisha zenyewe kwa zenyewe?"

Sikuwa nimefanya hivyo. Nilipozipanga moja chini ya nyingine, zote sita zilifanana herufi kwa herufi. Mbaya zaidi, zilifanana na kontroli yetu chanya, ile sampuli tunayojua ina kirusi. Wagonjwa wawili wanaweza kufanana katika kipande kifupi kama kile, lakini sita, tena pamoja na kontroli? Tulirudia kazi yote kuanzia plazma iliyobaki kwenye friza. Sampuli moja tu ndiyo iliyokuwa na mabadiliko hayo kweli. Tano nilizichafua mwenyewe.

Sasa mtaniuliza, kontroli hasi, ile isiyo na kirusi, ilisemaje? Ilikuwa safi. Niliiweka moja tu, mwisho wa safu, na uchafu haukufika huko. Tangu siku hiyo naweka tatu, tena nazipenyeza katikati ya sampuli za wagonjwa, na mojawapo huanzia kwenye hatua ya kutoa DNA, si kwenye PCR (hatua ya kunakili DNA mara nyingi) peke yake. Praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zinamalizika haraka, ndiyo, na mhasibu atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Kirusi hiki ni kidogo sana, herufi 3,200 hivi kwa jumla, lakini mgonjwa mwenye virusi vingi anaweza kuwa navyo zaidi ya milioni mia moja katika mililita moja ya damu. Bidhaa ya PCR ndiyo hatari kupita hata damu yenyewe: ukifungua tyubu moja, mvuke usiouona unabeba mamilioni ya nakala. Kwa hiyo kazi huenda upande mmoja, kutoka chumba safi kwenda chumba kichafu, na koti la chumba kichafu halirudi. Maabara yenu ina chumba kimoja? Basi gawanyeni siku. Asubuhi andaeni mchanganyiko, mchana wekeni DNA, jioni ndipo mfungue bidhaa, na pipeti za jioni zisiguswe asubuhi. Si dawa kamili, ila inapunguza.

Kuhusu damu sitasema mengi, maana mlifundishwa chuoni. Tyubu iwe ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande; ya kijani ina heparini, na heparini huizuia PCR. Damu iliyovunjika na kuwa nyekundu kama juisi ya hibiskusi nayo itawasumbua. Plazma itengwe mapema, kabla ya kupakiwa kwenye basi la usiku kutoka Arua, na igawanywe kwenye tyubu ndogo tatu ili msiyeyushe na kugandisha ile ile mara kumi. Hizo tyubu ndogo ndizo zilizoniokoa mimi.

Jambo ambalo chuo hakikuniambia ni kwamba kirusi cha kwetu si kile kinachopatikana kwenye vitabu vingi. Makala nyingi za mabadiliko haya zilitoka Asia, ambako jenotaipu (koo za kirusi) B na C ndizo nyingi. Huku kwetu tunakutana zaidi na A, hasa tawi lake la A1, na D pia. Tofauti hii inabadilisha unachopaswa kutafuta. Chukua mfano wa 1896. G ikigeuka A pale, kodoni (kundi la herufi tatu) ya 28 ya prikoa, sehemu inayohitajika kutengeneza antijeni e, inakuwa alama ya kusimama: kirusi kinaendelea kuzaana lakini antijeni e, protini yake inayopimwa kwenye damu, haionekani tena. Wageni wengi huifukuzia hii kwanza. Lakini herufi ya 1896 imeshikana na ya 1858 katika pini ambayo RNA ya kirusi hujikunja kuitengeneza. Katika A1, 1858 kwa kawaida ni C, na C inashikana na G. Ukiweka A kwenye 1896, pini inalegea, na kirusi hakipendi hilo. Ndiyo maana utakaa wiki nzima ukisoma A1 bila kuiona 1896 iliyogeuka, ukadhani praima zako ni mbovu. Si mbovu. A1 ina njia zake nyingine za kupunguza antijeni e: tazama 1809 hadi 1812, na 1862. Jua jenotaipu kwanza, ndipo ulaumu praima.

Kingine ni kuhesabu. Namba huanzia pale kimeng'enya EcoRI kinapokata, lakini urefu haulingani: A ina herufi 3,221, D ina 3,182. Katika 1762 hutapata shida, kwa sababu herufi sita za ziada za A na 33 zinazokosekana D zinakuja baada yake. Ukienda kwenye pre-S, sehemu ya jeni ya protini za ganda la kirusi, ambako nako kuna mikato (herufi zilizopotea) inayohusishwa na saratani, namba zitakuhama ukiwa umelinganisha D na rejea ya A. Nimeona mtu akiripoti mkato wa herufi 33 kama ugunduzi. Ulikuwa ni D tu, kama alivyozaliwa.

Halafu kromatogramu. Fungueni faili ya mawimbi kila mara, msitegemee herufi alizochagua kompyuta. Mtu mmoja hubeba kundi la virusi vinavyotofautiana, hivyo kwenye 1762 mnaweza kukuta vilima viwili, A na T, kimoja juu ya kingine. Andikeni W. Kwenye 1764, A na G pamoja ni R. Msimpendelee aliye mrefu ili jedwali lipendeze. Someni pande zote mbili, mbele na nyuma; kilima cha pili kinachoonekana upande mmoja tu mara nyingi ni kelele. Na njia ya Sanger, hii tunayosomea herufi, haioni kitu kilicho chini ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo "haikuonekana" ndilo neno, wala si "hakuna".

Kuna kosa moja ambalo hata waliobobea kidogo hulifanya: kuchanganya mabadiliko ya kirusi na ya mtu. Kodoni 249 ya TP53 iko kwenye jeni ya binadamu inayozuia uvimbe, si ya kirusi. Hugeuka hasa pale sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi inapokutana na homa ya ini B, nayo hutafutwa kwenye uvimbe au kwenye DNA inayoelea katika plazma. Kwetu hii si hadithi ya mbali. Mazao 480 yaliyokusanywa Uganda mwaka 1966 na 1967 yalipimwa, na karibu asilimia 30 yalikuwa na sumu hiyo, Karamoja ikiongoza. Hizo ni praima nyingine, kipimo kingine na ripoti nyingine.

Na ripoti yenyewe. Watu wazima wengi mtakaowapima walizaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto hapa nchini, kwa hiyo mtasoma virusi vilivyokaa mwilini miongo mingi. Siku moja kijana alinisubiri ngazini, karatasi mkononi. "Daktari, wameandika virusi vyangu vimegeuka. Ni kansa hii?" Mimi si daktari, nikamwambia. Mabadiliko ya 1762 na 1764 yanaonyesha kundi lenye hatari zaidi, hayaonyeshi uvimbe. Dawa huamuliwa kwa wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini na hali ya ini lenyewe, na saratani hutafutwa kwa altrasaundi, kwa kawaida kila miezi sita. Nilimpeleka hadi kliniki, nikamsubiri.

Wiki ile tulibadilisha fomu. Sasa chini ya jenotaipu na nafasi zilizosomwa kuna mstari mmoja kwa lugha ya kawaida: "Kipimo hiki hakithibitishi wala hakiondoi saratani ya ini." Mstari huo uko juu ya sahihi, si nyuma ya karatasi.