Maalim, watu wamezidi

Juzi nimepata ujumbe wa kijana anayesomesha hesabu Micheweni, Pemba: "Maalim, darasa zima limeanguka kwenye seti na kwadratiki. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

Mwaka wangu wa tatu kazini, pale Wete, nilitunga jaribio la Kidato cha Tatu. Swali la seti niliona la bure: wanafunzi 45, wanaopenda urojo 28, mishkaki 23, wasiopenda chochote 5. Wangapi wanapenda vyote viwili? Waliopasi jaribio zima walikuwa sita. Mkubwa wangu akanisema mbele ya wenzangu, huku anakoroga chai, kwamba huenda skuli itafute mtu anayejua kusomesha. Miaka imepita, na kile kijiko bado nakisikia.

Usiku nikayapekua tena makaratasi, niseme kweli, kutafuta wa kumlaumu. Mtoto mmoja alichora duara mbili za Venn zinazopishana, moja kwa kila kundi, kaandika 28 huku, 23 kule, 5 nje, kajumlisha kapata 56. Pembeni, kwa penseli, kwa Kiswahili ndani ya karatasi ya Kiingereza: "Maalim, watu wamezidi 11."

Nami nilimpa sifuri! Hao 11 ndio jibu lenyewe, ndio waliohesabiwa mara mbili kwa kuwa wanakula vyote. Alilishika mkononi, hakulijua jina lake. Na mimi niliyeajiriwa kumwambia jina, nilipita na kalamu nyekundu.

Kwadratiki, yaani milinganyo yenye x², nako yale yale. Nilitoa x² = 5x, karibu wote wakagawa kwa x, wakapata 5, jibu la sifuri likapotea njiani. Nani aliwazoesha kugawa pande zote mbili bila kuwatahadharisha kwamba x yenyewe yaweza kuwa sifuri? Mimi.

Kwa hiyo mwanangu, sahihisha njia, si jibu peke yake. Waache waeleze kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza cha mtihani kitafuata. Na fomula iweke mwisho. Mimi siku hizi nawatoa nje na kamba ya mita 20: wazungushie mbuzi boma pande tatu, upande wa nne ukuta wa darasa, eneo liwe kubwa kabisa. Upana kutoka ukutani wa mita 4 unatoa mita za mraba 48, wa 5 unatoa 50, wa 6 unarudi 48. Grafu ya kwadratiki hawajaiona, lakini kilele wameshakikanyaga kwa miguu yao. Nyinyi vijana mnakimbilia ubao, mnajaza alama za x, kisha mnalalamika watoto wazito. Wazito wapi! Nasema tena, sahihisha njia.

Yule mtoto nilimrudishia alama 3 kati ya 4. Akaitaka na ile moja, tukabishana mpaka kengele ikalia.