Poti imefunguliwa, kamera bado hazionekani

Ndugu yangu wa mtaa wa Umoja, umesema umefungua poti 8000 (mlango wa mtandao wenye namba hiyo) kwenye ruta ili uone kamera za nyumbani ukiwa kazini mjini, na bado hakuna kitu. Kabla hujagusa chochote tena, ingia kwenye ruta utazame anwani ya IP iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande unaoelekea kwa kampuni ya intaneti. Kisha fungua tovuti inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kosa si lako. Kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na ombi kutoka nje linafia kwao kabla halijafika mlangoni kwako. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima nikibadilisha mipangilio huku tatizo liko kwao. Wapigie simu uombe anwani ya umma.

Zikilingana, angalia rekoda, kile kifaa kinachohifadhi picha za kamera. Stima ikipotea na kurudi, inaweza kupewa anwani ya ndani 192.168.1.12 badala ya 192.168.1.10 uliyoandika, na ruta ikawa inaelekeza pasipo na kitu. Ifungie anwani moja humo humo kwenye ruta. Unapojaribu, tumia data ya simu, si WiFi ya nyumbani.

Lakini nakusihi, usiiache rekoda wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kutumia nywila za kiwandani tu. Badilisha yako leo hii. Ukishapata anwani ya umma, weka WireGuard, programu ya VPN inayokupa njia salama ya kuingia nyumbani, ufungue poti yake ya UDP 51820 pekee, na ile 8000 uifunge.