Ukitaka kuipenda R&B ya Waingereza, anza ukumbini

Nikitaja R&B ya Uingereza ya miaka ya sitini, yaani rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi uliopigwa na vijana wa Kiingereza, watu hunirudishia majina yaleyale: Rolling Stones, Eric Clapton, pengine na Animals. Majina hayo yana haki yake. Lakini anayeniuliza aanzie wapi humwambia ayaweke kando kwanza, aanze na kumbi. Muziki ule ulipigwa kwa ajili ya watu waliokuja kucheza, wamebanana kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye joto na moshi wa sigara. Ukiusikiliza kama kazi ya nyota mmoja aliyesimama mbele na gitaa lake, nusu ya utamu inakupita.

Mimi niliufikia kupitia kazi yangu. Natunza wazee hapa London, kazi wanayoifanya Waswahili wengi tulioko Uingereza. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 mwaka 1963 leo amefika miaka ya themanini, na bado utawakuta wengi wao wakipigiwa nyimbo za wakati wa vita, nyimbo za wazazi wao. Jambo hilo linanisikitisha kila nikiliona. Nilipoanza kuwawekea muziki wa ujana wao wenyewe, mabega yalitikisika kabla midomo haijafunguka. Bwana mmoja ambaye kwa kawaida hujibu kwa neno moja alinisimulia walivyokuwa wakitoka klabuni saa kumi na mbili asubuhi, koti begani, wakisubiri treni ya kwanza ya kurudi kwao. Klabu yenyewe ilikuwa Flamingo, mtaa wa Wardour, Soho.

Flamingo ndio mlango ninaopendekeza upitie. Ijumaa na Jumamosi muziki ulianza saa sita za usiku na kwenda mpaka majogoo. Leseni ya pombe hawakuwa nayo. Waliojaa mle ndani ni wanajeshi weusi wa Marekani kutoka kambi zao, wahamiaji wa Jamaika na visiwa vya jirani, na vijana wa Kiingereza waliopenda kuvaa wakapendeza. Kumbuka kwamba mpaka mwaka 1965 hapakuwa na sheria Uingereza ya kumzuia mwenye ukumbi kumkataza mtu kuingia kwa sababu ya rangi yake. Watu wa aina zote kucheza sakafu moja mpaka alfajiri lilikuwa jambo kubwa, na muziki wenyewe unalibeba.

Bendi ya pale ilikuwa ya Georgie Fame, Blue Flames. Jina lake la kuzaliwa ni Clive Powell, mtoto wa Leigh, mji wa pamba huko Lancashire, na yeye mwenyewe alifanya kazi ya kiwandani kabla ya kwenda London. Alikuwa mpiga piano. Baada ya "Green Onions" ya Booker T. & the M.G.'s kutolewa mwaka 1962, wimbo uliobebwa na kinanda cha umeme cha Hammond, akahamia kwenye kinanda hicho. Mwaka 1963 walirekodi wakiwa jukwaani Flamingo, na santuri ikatoka mwaka uliofuata: "Rhythm and Blues at the Flamingo". Itafute kabla ya nyingine zote. Usiisikilize kwa spika za masikioni ukiwa umejilaza. Iweke kwenye spika kubwa, sogeza meza, simama. Mara ya kwanza fuata kinanda peke yake, kinavyojaza nafasi ambayo bendi nyingine ziliachia gitaa. Mara ya pili kiache kinanda, fuata saksofoni. Halafu wasikilize watu waliomo ukumbini, kelele zao zinavyomsukuma mwimbaji. Utakuta nyimbo za Marekani zimepangwa pamoja na "Humpty Dumpty", wimbo wa ska, muziki wa kucheza wa Jamaika, kwa sababu wachezaji wa pale walizitaka zote mbili.

Msomaji aliyekulia na muziki wa dansi hatapata shida hapa: bendi ina ukumbi wake na mashabiki wake wa kila wiki, wapuliza mdomo wa bata wanajibizana na mwimbaji, na hakuna anayetazama saa. Ndani ya Blue Flames alipita Speedy Acquaye, Mghana, kwenye ngoma za konga, na Eddie Thornton, Mjamaika, kwenye tarumbeta. Januari 1965 "Yeh Yeh" iliwaondoa Beatles kwenye namba moja ya Uingereza. Wimbo huo ulitoka kwenye bendi ya Mongo Santamaría, mpiga konga wa Kuba, kisha Jon Hendricks, mwimbaji mweusi wa Marekani, akautungia maneno. Kuba, Marekani, Ghana, Jamaika na Lancashire, katika dakika tatu hivi za kucheza. Sijui wimbo mwingine wa mwaka ule ninaoupenda zaidi.

Ukishaizoea Flamingo, nenda Ealing, magharibi ya London. Ukishuka kwenye treni pale Ealing Broadway, ng'ambo ya barabara kuna ngazi za kuteremkia chini na kibao cha kumbukumbu. Hapo ndipo Alexis Korner na Cyril Davies walipofungua klabu yao tarehe 17 Machi 1962, wakipiga na bendi yao, Blues Incorporated. Unyevu wa chumba kile ulikuwa mwingi hata maji yakadondoka jukwaani, ikabidi watandaze turubai juu ya wanamuziki. Charlie Watts alipiga dramu katika bendi hiyo, na hapo ndipo Mick Jagger na Keith Richards walipokutana na Brian Jones; wote wanne baadaye wakawa Rolling Stones. Hayo yanajulikana. Anayesahaulika ni Cyril Davies.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari. Akishika harmonika, kwa masikio yangu hakuna Mwingereza wa wakati ule aliyemfikia. Mwaka 1958 Chris Barber, mpiga tromboni wa jazi, alimleta Uingereza Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Chicago, na gitaa lake la umeme liliwashtua waliotarajia bluzi ya kijijini. Davies na Korner waliishika njia ile ya umeme, kisha wakatofautiana juu yake: Korner alivutwa na saksofoni na jazi, Davies alitaka bluzi ya Chicago isiyochanganywa na kitu. Akaondoka, akaunda All-Stars, na mwaka 1963 akatoa "Country Line Special". Sikiliza anavyovuta pumzi. Kwenye harmonika kuvuta hewa ni sehemu ya kupiga sawa na kupuliza, na Davies anavuta kwa nguvu hata unahisi kifua chake. Alifariki Januari 1964 akiwa na miaka 31. Bendi ilichukuliwa na Long John Baldry, ambaye siku zilezile alimsikia kijana mmoja akipuliza harmonika kwenye stesheni ya Twickenham, akamwajiri. Kijana huyo ni Rod Stewart.

Ule ugomvi wa Korner na Davies utakusaidia kuchagua. Yote yaliyofuata yaligawanyika hivyohivyo. Upande mmoja kuna kinanda na saksofoni: Fame, Zoot Money, Graham Bond. Upande wa pili gitaa na harmonika: Stones, Yardbirds, na John Mayall aliyewapitisha Clapton, Peter Green na Mick Taylor katika bendi yake. Siku ya kucheza nenda upande wa kwanza. Bond apewe subira kidogo, kwani sauti yake ni kali, lakini kwenye "The Sound of 65" utawakuta Jack Bruce na Ginger Baker kabla hawajaunda bendi ya Cream na Clapton. Baker baadaye alikwenda Lagos na kurekodi na Fela Kuti.

Kwa upande wa sauti nakuachia wawili. Chris Farlowe wa London aliimba "Stormy Monday Blues", ikatolewa mwaka 1965 kwa jina la Little Joe Cook, na wasikilizaji wengi wakaamini ni mwimbaji mweusi wa Marekani. Na Steve Winwood wa Birmingham: "Keep On Running" ya Spencer Davis Group ilipofika namba moja mwanzoni mwa 1966 alikuwa na miaka 17. Mtunzi wake ni Jackie Edwards wa Jamaika.

Kwa hiyo, popote unaponunua au kupakua, soma jina lililoandikwa chini ya jina la wimbo. Mtunzi yumo humo. Mtafute, msikilize yeye pia, siku hiyohiyo kama unaweza. Waingereza hawa walipenda kwa moyo wote muziki uliotungwa na watu weusi waliolipwa kidogo, na kuwajua wenye nyimbo ni haki yao kabla ya kuwa elimu yako.

Na kama unafanya kazi kama yangu, usimwulize mzee alimpenda nyota gani. Swali hilo humpa jibu la magazetini. Mwulize Jumamosi alikuwa akicheza wapi. Akisema Newcastle, taja Club A'Go-Go, mwekee Animals, na umwelekeze kwenye kinanda cha Alan Price. Akisema Belfast, taja Maritime Hotel na Them, bendi ya Van Morrison. Akisema Richmond, taja Crawdaddy. Twickenham, taja Eel Pie Island. Manchester, Twisted Wheel. Wengine walicheza kwenye kumbi ndogo ambazo hazikuandikwa popote, na hao ndio wenye mengi ya kusema, basi uwe na muda. Asipotaja mahali, anza na "Night Train" kutoka ile santuri ya Flamingo. Pandisha sauti, maana muziki huu ukipigwa kwa sauti ya chini unageuka mwingine kabisa, na funga mlango ili wenzake wanaolala mchana wasisumbuke.